Rangi ya Chini ya Chombo katika Maji Matamu ya Juba

Rangi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuzuia viumbe vya majini visishikamane na sehemu ya chini ya chombo ziliundwa kwa ajili ya bahari, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwenye tishari la chuma, boti ya faiba au mashua ya alumini mjini Juba anapaswa kulizingatia kabla hajalipia kopo hata moja. Nile Nyeupe, ambayo katika sehemu hii hujulikana kama Bahr el Jebel, ni mto wa maji matamu, na adui anayekila chombo katika maji matamu si yule anayeogopwa Mombasa au Dar es Salaam.

Baharini, chombo kikikaa miezi michache bila kinga huota mwani, kisha hufunikwa na vijidudu vyenye magamba magumu vinavyojigandisha kwa gundi vinayoitoa vyenyewe. Na ikiwa chombo ni cha mbao, minyoo ya baharini huingia na kuzitoboa hadi ubao unaoonekana mzima kwa nje ukawa mtupu kwa ndani. Mabaharia wa pwani ya Waswahili walilikabili tatizo hilo kwa kupweleza jahazi, kulikwangua na kulipaka deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa. Jeshi la Wanamaji la Uingereza, kwa upande wake, lilijaribu mwaka 1761 kuifunika manowari Alarm kwa mabamba membamba ya shaba, na ingawa shaba ilivizuia viumbe vizuri, ukaguzi wa baadaye ulionyesha kwamba misumari ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imeliwa na kutu. Hadi leo sumu kuu katika rangi hizi ni shaba, kwa kawaida katika umbo la oksidi yake nyekundu, na tabia yake ya kuyala madini mengine haijabadilika.

Katika karne ya 20 watengenezaji wa rangi waliongeza kemikali kali zaidi, hasa tributilitini, ambayo ilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi: katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa iliwaharibu chaza waliofugwa huko hadi magamba yao yakaumbuka na uzazi wao ukakatika. Mkataba uliopitishwa mwaka 2001 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, na kuanza kutumika mwaka 2008, uliipiga marufuku, na mwaka 2023 marufuku hiyo ikaenea hadi kwa saibutrini, dawa nyingine ya kuua mwani. Mnunuzi anayekuta mojawapo ya majina hayo kwenye kopo anastahili kulirudisha rafuni.

Juba iko mahali ambapo safari ndefu ya mto huanzia, kwa kuwa upande wa kusini, kuelekea Nimule, maporomoko ya Fula huzuia vyombo, ilhali upande wa kaskazini matishari hushuka kupitia Bor na Malakal hadi Renk, na kuendelea hadi Kosti nchini Sudan. Katika njia yote hiyo hakuna minyoo ya kutoboa mbao wala vile vijidudu vya magamba vya baharini. Kinachoota ni utelezi wa kijani na kahawia, yaani tabaka la bakteria na mwani mdogo, ambao hukiongezea chombo uzito wa kukokota na hivyo kuongeza matumizi ya dizeli, lakini ambao brashi ngumu na mikono miwili huuondoa. Gugu maji, ambalo wengi hulilalamikia, hunasa kwenye rafadha na kuziba njia, na hakuna rangi yoyote inayoweza kulizuia.

Madhara makubwa zaidi hutoka kwingine. Tishari hupanda juu ya mafungu ya mchanga, huburutwa ukingoni kwa ajili ya kupakia, hugongana na magogo, na katika kinamasi cha Sudd husuguana na mafunjo kwa siku nyingi mfululizo. Kila mkwaruzo ukifika kwenye chuma, kutu huanza. Kwa hiyo swali lenye manufaa kwa chombo cha chuma ni aina gani ya rangi itakayolitenga bamba na maji na kustahimili kukwaruzwa, na jibu la kawaida ni epoksi, yaani rangi ya sehemu mbili ambazo huchanganywa muda mfupi kabla ya kupaka na kugeuka utando mgumu usiopitisha maji. Mwenye tishari linalotembea kila wiki akiishia kwenye tabaka mbili au tatu za epoksi, bila rangi yoyote ya sumu juu yake, hajapungukiwa na kitu.

Rangi ya sumu huanza kuwa na maana kwa boti inayofungwa gatini kwa majuma mengi bila kuondoka, na hapo kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni laini, nayo hupungua kadiri maji yanavyopita, kama kipande cha sabuni, ili sumu mpya ijitokeze. Ya pili ni ngumu, utando wake hubaki na sumu ndiyo inayovuja polepole. Aina laini haifai kwa chombo kinachoegeshwa juu ya mchanga, kwa kuwa ukingo utaimaliza kabla ya maji. Isitoshe, oksidi ya shaba huyeyuka kwa msaada wa chumvi ya bahari, hivyo rangi ambayo kopo lake linaahidi miaka kadhaa inaweza kutenda kazi kwa uvivu mtoni. Anayeinunua atafute ile ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inafaa maji matamu.

Kwa alumini sharti ni kali zaidi. Oksidi ya shaba ikiigusa alumini ndani ya maji, alumini ndiyo inayoliwa, kama ilivyokuwa kwa misumari ya Alarm, na mashimo madogo hujitokeza mahali ambapo rangi ya msingi imechubuka. Mwenye mashua ya aina hiyo achague rangi isiyo na oksidi ya shaba, au abaki na epoksi tupu.

Utayarishaji hupewa muda mdogo kuliko unavyostahili, ingawa rangi ya bei kubwa juu ya kutu hubanduka pamoja na kutu. Chuma kinapaswa kukwanguliwa au kupulizwa kwa mchanga hadi king'ae, kisha kipakwe praima mapema kabla hakijashika kutu upya. Kiangazi cha Desemba hadi Machi kinafaa kuliko majira ya mvua, lakini joto la Februari hulifanya bamba lililo juani kuwaka kiasi kwamba rangi hukauka juu huku tina, yaani kiyeyusho chake, ikiwa imenaswa chini, na malengelenge hufuata. Mafundi hupaka asubuhi baada ya umande kukauka, wakizingatia kwamba bamba liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga.

Anodi, yaani vipande vya madini vinavyofungwa chini ya chombo ili viliwe badala yake, navyo vina kanuni yake: zinki inayotumika baharini hulala usingizi katika maji matamu, na mtoni hutumika magnesi, ambayo haipakwi rangi kamwe.

Jambo la mwisho linawahusu hata wasio na chombo. Maji mengi wanayonunua wakazi wa Juba kutoka kwenye malori ya maji huchotwa mtoni, na miji ya Terekeka na Bor iko chini zaidi kwenye mkondo huohuo. Vumbi na maganda ya rangi ya shaba yanayokwanguliwa ukingoni yanapaswa kukusanywa juu ya turubai na kupelekwa mbali na mto, na kazi hiyo isifanyike jirani na mahali malori yanapojaza matangi.