Wanzuki: Chupa Mbili, Ladha Mbili

Wanzuki, ile pombe ya asali ya Unyamwezini na Usukumani, haina ladha moja. Chupa mbili za mtengenezaji mmoja huweza kutofautiana, kwani chachu huendelea kula sukari hata baada ya kufungiwa, ikitoa kileo na hewa ya ukaa. Ya leo ni tamu; ya keshokutwa ni kali. Ndivyo Wafaransa wapatavyo povu la shampeni, ila chupa zao ni nene mno. Chupa ya soda huweza kupasuka na kumjeruhi mtoto.

Basi, uwe Shinyanga au Geita, uliza kwanza: imetengenezwa lini, kwa asali au sukari tupu? Urahisi wa bei si kipimo cha ubora. Na posho ya nyumbani hutangulia kinywaji.