Ajengaye Kompyuta kwa Mkono Wake Hapotezi Wakati

Wako watu wanaocheka wakisikia kwamba fundi mwenye akili timamu amekesha akilehemu nyaya ili apate kompyuta yenye nguvu za miaka hamsini iliyopita. Husema: simu iliyomo mfukoni mwake yaushinda ubao huo mara maelfu, basi anatafuta nini? Swali hilo ni la haki, wala si vema kulijibu kwa hasira. Na tulitazame jambo lenyewe, jinsi lilivyoanza na jinsi linavyofanyika, kisha kila msomaji atahukumu.

Hapo zamani kompyuta ilikuwa mali ya serikali na makampuni makubwa. Lililofungua mlango ni bei. Katika Septemba 1975, kampuni ya MOS Technology ya Marekani ilileta kwenye maonyesho ya WESCON, mjini San Francisco, prosesa iitwayo 6502, ikaiuza kwa dola 25. Nayo Intel 8080 ilikuwa imetangazwa kwa dola 360. Kijana Steve Wozniak, mwanachama wa Homebrew Computer Club, chama kilichokutana mara ya kwanza Machi 1975 katika banda la gari huko Menlo Park, California, aliichukua prosesa hiyo akajengea Apple I. Mwaka 1976 MOS yenyewe ikauza KIM-1, kompyuta nzima juu ya ubao mmoja, kwa dola 245. Mwaka huo huo Zilog, kampuni ya Federico Faggin aliyekuwa Intel hapo kwanza, ikatoa Z80. Hivyo maarifa yaliyokuwa yamefungiwa ndani ya maofisi yakahamia juu ya meza ya mtu wa kawaida.

Sasa, ajengaye ubao wa namna hii leo hufanya nini? Vitu vyenyewe ni vichache: prosesa, kumbukumbu ya kudumu, yaani romu, kumbukumbu ya kuandika na kufuta, yaani ramu, chombo cha kupigisha mapigo, na mlango wa kuzungumza na dunia ya nje. Ugumu haumo katika wingi wa vitu, umo katika kuvipatanisha.

Prosesa hizi zina njia 16 za anwani, kwa hiyo zaweza kutaja anwani 65,536, wala si zaidi. Kazi ya kwanza ya mjenzi ni kuigawa nchi hiyo ndogo. Na hapa kila prosesa ina desturi yake. 6502 ikiamka husoma anwani ya 65,532 na ya 65,533 ili ijue pa kuanzia kazi. Hivyo romu haina budi kukaa juu kabisa. Tena huziweka shughuli zake za haraka katika anwani 256 za kwanza, na 256 zinazofuata huzitumia kuwekea kumbukumbu za safari zake. Hivyo ramu haina budi kukaa chini. Z80 ni kinyume: huanza na anwani sifuri, kwa hiyo romu huwekwa chini. Asiyelijua jambo hili atajenga ubao mzuri wa kupendeza usioamka kamwe.

Njia nyepesi ya kugawa ni kuutumia waya wa juu kabisa wa anwani: ukiwa na umeme, romu ijibu, usipokuwa nao, ramu ijibu. Kila moja hupata anwani 32,768, na chipu moja ya bei ndogo yatosha kuamua. Lakini mwenye 6502 asisahau kwamba prosesa hiyo haina mlango wa pekee wa vyombo vya nje. Yampasa akate kipande cha nchi hiyo hiyo akipe kibodi na taa zake. Z80 inao waya wake wa kutangaza kwamba sasa yasema na chombo, si na kumbukumbu. Ndiyo maana mabishano juu ya ipi bora hayaishi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Baada ya anwani, wakati. Kwa mwendo wa megahezi 1, kila pigo ni nanosekunde 1,000, na kumbukumbu hupewa sehemu tu ya muda huo ili ijibu. Romu inayohitaji nanosekunde 150 hujibu bila taabu. Lakini mjenzi akitamani sifa, akapandisha mwendo hadi megahezi 10, pigo zima ni nanosekunde 100, na romu ile ile haiwezi tena. Ubao hautasema umechoka. Utakosea tu, leo hapa, kesho pale. Haraka haraka haina baraka.

Mimi mwenyewe nilipata kuketi siku tatu mbele ya ubao uliofanya kazi kila nilipousogezea mkono, na kukoma kila nilipouondoa. Nililaumu romu, nikalaumu programu, nikalaumu hata umeme wa nyumba. Mwisho nikaona kwamba mguu mmoja wa prosesa sikuwa nimeufunga popote. Mguu ulioachwa hewani huokota kelele za umeme kama sikio lisilozibwa. Rezista moja ndogo ya kuuvuta kwenye volti 5 ilimaliza ugomvi. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni: kila mguu wa kuingizia uwe na mwenyewe, na kila chipu iwe na kapasita yake karibu.

Iko pia njia njema ya kujaribu kabla ya kuitia kumbukumbu yoyote. Nyaya nane za data za 6502 hufungwa kwa rezista ili kila isomapo ikute hesabu 234, ambayo kwake maana yake ni "usifanye kitu, endelea." Basi prosesa hutembea anwani zote moja moja, mapigo mawili kila hatua. Taa ndogo iliyofungwa kwenye waya wa juu itawaka na kuzimika mara saba na kitu kila sekunde, kwa megahezi 1. Ikiwaka hivyo, moyo unapiga. Makosa yatafutwe kwingine.

Lakini wakati hautungoji. Mwaka 2024 Zilog ilitangaza kuikomesha Z80 ya miguu 40, ikapokea maagizo ya mwisho Juni mwaka huo, baada ya miaka 48. Ndugu ya 6502, W65C02S, bado yatengenezwa na Western Design Center ya Arizona, nayo yaweza kusimamishwa mapigo yake na kuendeshwa hatua kwa hatua, jambo ambalo 6502 ya kwanza haikulistahimili. Kadhalika sokoni zimo chipu zilizofutwa jina na kuandikwa jingine. Mnunuzi na ajaribu kabla ya kulehemu, na atumie soketi.

Turudi kwa wale wanaocheka. Ni kweli, ubao huu hautapiga hesabu za kiwanda. Faida yake ni nyingine. Z80 ilikuwa na transista zipatazo 8,500. Prosesa za leo zina mabilioni, zimefunikwa, na fundi hata wa hodari huambiwa atupe anunue nyingine. Mfanya kazi anayeijua mashine kwa nje tu, siku ikikataa hana la kusema. Huamini aambiwalo na muuzaji. Ubao mdogo ndio mahali ambapo mtu mmoja aweza kuijua kompyuta yote, tangu waya wa umeme mpaka neno la programu, asibakize siri hata moja. Aliyewahi kuijua moja hivyo hatazitazama tena nyingine kama uchawi.