Michezo ya zamani ya mashini: kwa nini bosi alikuwa mgumu vile?

Mchezaji anatia sarafu katika mashini. Anapewa ndege ndogo ya anga na kazi mbili: kupiga masasi na kukwepa masasi. Kwa dakika chache anaendelea vizuri. Kisha maadui wadogo wanaisha, muziki unabadilika, na adui mmoja mkubwa anaingia. Huyo ndiye wachezaji wanaita bosi. Hapo njo wengi walikuwa wanapoteza feza yao.

Ugumu huo ulitoka wapi? Jibu la kwanza ni feza yenyewe. Katika miaka ya 1980, mashini hizi zilijaa katika baa na sale za michezo za Marekani na Japani. Kwa kawaida mtu alilipa senti 25 Marekani, ao yeni 100 Japani. Mwenye mashini hapati faida kama mtu mmoja anabaki mbele yake saa nzima na sarafu moja. Kwa hiyo ilikuwa lazima mchezaji afe mapema. Lakini akikufa bila kuelewa sababu, hatatia sarafu ya pili, ataenda kwa mashini ya pembeni. Njo maana watengenezaji walitafuta ugumu ambao mtu anaweza kujifunza.

Phoenix, ya mwaka 1980, ni kati ya michezo ya kwanza kabisa kuwa na bosi. Katika hatua ya tano kinatokea chombo kikubwa, kinashuka polepole juu ya mchezaji. Ndani yake anakaa adui mmoja tu. Kumfikia ni kazi: kwanza kutoboa ukuta wa chini, kisha kupitisha risasi katika mkanda unaozunguka. Tundu lenye mchezaji ametoboa katika mkanda halitulii, linasogea. Anayepiga ovyo anachelewa, na chombo kinazidi kukaribia.

Mwaka 1983, Williams ya Marekani ilileta Sinistar. Hapa bosi hayuko tayari toka mwanzo. Wafanyakazi wake wanakusanya mawe ya thamani na kumjenga kipande kwa kipande, wakati mchezaji anatafuta mawe yaleyale ili apate mabomu. Akimaliza kujengwa, anasema kwa sauti kubwa na kumfukuza mchezaji. Inatakiwa mabomu 13 ili kumwangusha akiwa mzima. Basi vita inaamuliwa mbele ya bosi kuamka: mwenye hakukusanya mabomu, ni kukimbia tu.

Ukali mwingine ulikuja na Gradius ya Konami, mwaka 1985. Mchezaji anaongeza nguvu polepole: mwendo, makombora, leza, kinga. Lakini akikufa mara moja, vyote vinapotea. Anarudishwa nyuma kidogo na ndege nzito yenye bunduki dhaifu, mbele ya adui wale wale. Mtu anaweza kubaki na maisha mawili na bado ameshindwa. R-Type ya Irem, ya 1987, ilifuata njia hiyo. Nivo yake ya tatu nzima ni chombo kimoja cha vita, kikubwa kupita ekrani. Mchezaji anakizunguka na kukibomoa sehemu kwa sehemu, na risasi moja inatosha kumuua. Bila kukariri pahali pa kusimama, hapiti.

Wachezaji wengi wanamtaja Hibachi kama mkali kupita wote. Ni nyuki, bosi wa siri katika DoDonPachi, mchezo wa Cave wa mwaka 1997. Ili kumwona tu, mtu anamaliza mchezo mzima kwa masharti fulani, kisha anaurudia mara ya pili ukiwa mgumu zaidi. Hibachi anajaza ekrani na masasi mpaka nafasi ya kupita karibu haionekani. Hata hivyo kuna haki ndani yake: sehemu ya ndege inayoweza kuuawa ni ndogo sana kuliko picha yake. Anayejua hilo anapita katikati ya masasi yenye wengine wanaona ni ukuta.

Leo michezo mingi ya aina hii inapatikana kwenye kompyuta na simu, na kurudia hakuombi tena sarafu. Anayejaribu mara ya kwanza asisikie haya kufa. Mara ya kwanza, aache kushindana. Atazame tu masasi yanatokea wapi na kwa mpangilio gani. Bosi wa michezo hii, kwa sehemu kubwa, anarudia yale yale. Mchezaji ndiye anayeweza kubadilika.