Ukishuka Darajani, Uliza

Mpwa wangu alikuja kutoka Dar es Salaam akiwa na simu mpya na imani kubwa. Nilimpa maelekezo kama tunavyopeana sote hapa mjini Unguja: shuka Darajani, pita soko la samaki, ingia Mkunazini, ukiwakuta wazee wanacheza bao barazani, waulize. Akacheka. Alikuwa na ramani. Nusu saa baadaye simu yangu ikalia.

"Mjomba, ramani inasema nishafika."

"Unaona nini?"

"Ukuta."

Alikuwa Kajificheni, nyuma ya nyumba isiyo na mlango upande ule, na kidoti cha buluu kilimwonesha yumo sebuleni mwa watu. Jina la mtaa lilikuwa limeshamwonya, lakini nani siku hizi anasikiliza majina ya mitaa?

Kosa halikuwa lake, na kwa sehemu kubwa halikuwa la kampuni iliyochora ile ramani. Lilikuwa la kuta. Simu inajua ilipo kwa kusikiliza setilaiti zinazozunguka dunia umbali wa kilomita 20,000 na ushei juu yetu. Kila setilaiti inatangaza saa yake bila kuchoka. Tangazo linachukua takriban sehemu saba za mia za sekunde kufika chini, na kutokana na uchelewaji huo simu inapiga hesabu ya umbali. Zinahitajika setilaiti nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kurekebisha saa ya simu yenyewe, ambayo ni ya bei nafuu na haiaminiki. Hesabu hii haina uvumilivu. Ukigawa sekunde moja mara bilioni, kipande kimoja kinalingana na sentimita 30 za safari ya mawimbi, yaani urefu wa rula ya skuli.

Sasa yachukue mawimbi hayo uyaingize kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, chenye upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, katikati ya nyumba za ghorofa tatu za mawe ya matumbawe na chokaa. Anga inayoonekana ni utepe tu. Setilaiti zilizo pembeni zimezibwa, na mawimbi yanayopenya yanagonga ukuta huu, yanarudi kwenye ule, ndipo yanaifikia simu. Kila mgongano unarefusha njia. Mita tisa za ziada ni vipande thelathini tu vya ile sekunde, na mita tisa hapa kwetu ni nyumba nyingine, familia nyingine, na pengine ugomvi mwingine.

Lipo na kosa la pili, ambalo fizikia haihusiki nalo. Ile ramani iliijua hoteli iliyofunguliwa juzi. Haikukijua kichochoro, wala kisima cha zamani, wala msikiti ambao kila mtu humwelekezea mgeni. Ramani ya kampuni inalipiwa na matangazo, kwa hiyo inachora kinachouzwa na kutafutwa. Sioni ubaya wa makusudi hapo. Ni biashara, na biashara huona ilikoelekeza macho.

Mji huu umezoea kuchorwa na wengine. Mwaka 1846 nahodha Mfaransa Charles Guillain aliuchora. Mwaka 1892 akaja Imam Sharif, mpimaji kutoka India, akaupima kwa makini zaidi. Kila ramani ilimtumikia aliyeiagiza. Wakazi walibaki na ramani yao, ile ya majina, na ramani hiyo ina ukaidi wa ajabu. Tunasema "Darajani" kwa sababu palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalifukiwa, daraja likaondoka, soko lililofunguliwa mwaka 1904 likawa ndiyo alama ya mahali, na mpaka leo utingo anaita "Darajani, Darajani!" pasipo na tone la bahari. Setilaiti haioni daraja hilo. Kila mtoto wa mjini analivuka.

Ramani za Google zilizinduliwa mwaka 2005, na haikupita miaka mingi dunia ikazoea kuziona kama hewa: zipo tu. Mwaka 2018 hewa hiyo ikawekewa mita. Watengenezaji wa programu wanaotaka kuitumia ndani ya kazi zao walitakiwa kusajili njia ya malipo, na aliyevuka kiwango cha bure akaanza kulipa zaidi ya zamani. Kijana wa Kikwajuni anayetaka kutengeneza programu ya kuonesha njia za daladala, ya 502 kwenda Bububu au 505 kwenda Uwanja wa Ndege, akajikuta anahitaji kadi ya benki ya kimataifa ili achore barabara aliyoipita tangu utotoni.

Wakati huohuo Unguja ilikuwa na jambo lake linaendelea, na ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika.

Mwaka 2016 ulianza mradi uliojulikana kama Zanzibar Mapping Initiative. Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania na Benki ya Dunia walikubaliana kuvipiga picha visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, bila kukodi ndege ya rubani. Chombo kilichotumika kilikuwa droni iitwayo eBee. Imetengenezwa kwa povu, haifiki kilo moja, mabawa yake hayatimizi mita moja, na inarushwa kwa mkono kama mtoto anavyorusha tiara. Waliozirusha ni vijana wa hapa, wengi wao wanafunzi wa SUZA, wa kike kwa wa kiume. Fikiria wazee wa kijiji cha shamba wanavyomtazama binti mwenye mtandio akirusha ndege kutoka uwanja wa mpira.

Kwa nini droni wakati setilaiti zipo? Kwanza, mawingu. Anga ya visiwa vyetu haikosi mawingu, na setilaiti inapita juu yake. Droni inapita chini. Pili, ukali wa picha. Wakati ule setilaiti bora za kibiashara zilitoa pikseli yenye upana wa sentimita 30 hivi ardhini. Picha za droni hizi zilishuka hadi sentimita 7. Ndani ya pikseli moja ya setilaiti zinaingia karibu pikseli 18 za droni. Kwa setilaiti unaona kuna gari. Kwa droni unaona gari lina carrier juu ya paa na limepakia mananasi.

Picha moja peke yake, hata hivyo, si ramani. Kamera inavyoruka inapindisha vitu: kilicho mbali na katikati kinalala ubavu. Dawa yake ni fotogrametria. Droni inakwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, kila picha ikifunika sehemu kubwa ya mwenzake, hivi kwamba pembe moja ya paa inaonekana kwenye picha kadhaa kutoka mahali tofauti. Programu ya kompyuta inaitafuta pembe hiyo katika picha zote, kisha inapiga hesabu: ili pembe ionekane hivi huku na vile kule, lazima iwe mahali fulani na kimo fulani. Macho yako mawili yanafanya kazi hiyohiyo unapokisia umbali wa embe kabla ya kurusha jiwe. Zikipatikana pembe milioni kadhaa, unajengeka mfano wa ardhi wenye urefu, upana na kimo, na juu yake picha zinanyooshwa.

Mashine nayo ina mahali inapokwama. Mnazi hautulii. Kati ya picha moja na nyingine upepo wa kusi umeshayageuza makuti, na programu inayatafuta bila kuyapata. Chini ya minazi kuna nyumba ambazo hazionekani kabisa. Mji Mkongwe ni bahari ya mabati yenye mistari myeusi ya vivuli, na mistari hiyo ndiyo vichochoro. Hapo hakuna njia nyingine: mtu ashuke, atembee, aulize.

Picha zikapatikana. Ni nani aseme kilichomo? Wanafunzi wa SUZA walikaa mbele ya kompyuta wakichora mzingo wa kila jengo, na kila jengo wakalipa hali yake katika tatu: limekamilika, halijakamilika, au ni msingi tu. Kwangu mimi huu ndio moyo wa habari yote. Mtu aliyekulia mahali ambapo nyumba hujengwa kwa mkopo wa benki na kuisha kwa miezi minane asingefikiria mgawanyo huo. Kwetu nyumba ni safari. Msingi mwaka huu, kuta zikipatikana pesa za karafuu, kisha pagale linakaa miaka likingojea bati, mbuzi wakilala ndani. Pagale si gofu. Ni akiba ya mtu. Mashine isiyofunzwa tofauti hiyo italiona kama uchafu wa picha.

Mwaka 2018 data hiyo ilitumika katika shindano la wazi la akili mnemba, ambapo washindani kutoka popote duniani walitakiwa kuifunza kompyuta itambue majengo ya Zanzibar pamoja na hali zake tatu. Mbinu zao ni mitandao ya nyuroni: unaionesha programu maelfu ya mifano iliyochorwa na watu, inakisia, inasahihishwa, inakisia tena, mpaka makosa yapungue. Ualimu wote uko kwenye ile mifano. Kwa muda, wahandisi wa mbali walikuwa wanafunzi wa vijana wa Unguja, ingawa sidhani kama wengi wao waliliona jambo hilo kwa jicho hilo.

Picha zenyewe ziliwekwa wazi, na nyingine zikatumika kuijaza OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast kwa sababu ramani za serikali ya kwao zilikuwa zimefungiwa. Dar es Salaam walikuwa wametangulia: mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa yao inayofurika mvua ikinyesha.

Hapa najua atatokea mtu barazani aniulize: ukwetu uko wapi, shekhe? Droni ya Uswisi, fedha za Benki ya Dunia, seva za ramani ziko Amsterdam na Dublin. Anasema kweli. Mimi nampa mfano wa mwaka uliofuata lile shindano. Mwaka 2019 wapigapicha wa kujitolea kutoka nje walikuja na kamera za nyuzi 360, wakawafunza wanafunzi wa SUZA, na barabara za Unguja zikaingia kwenye huduma ya Google ya picha za mitaani. Kazi njema, na wenye nyumba za wageni walifurahi. Mikono ni ileile ya vijana wetu. Tofauti ni kwamba ramani ya kwanza, ile huria, unaweza kuipakua yote kesho asubuhi, ukaiweka kwenye kompyuta ya chuo, ukaibadilisha, ukaitengenezea programu ya daladala bila kumwomba mtu ruhusa. Ya pili unaitazama. Ikizimwa, au ikibadilishiwa masharti, umekwisha. Aliyetengeneza nyundo hanishughulishi sana. Nataka kujua hati ya nyumba ina jina la nani.

Serikali nayo ilijaribu njia yake. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilifanyika operesheni ya Anwani za Makazi nchi nzima, Bara na Zanzibar, na ukazaliwa mfumo wa NaPA unaomwongoza mtu hadi kwenye namba ya jengo. Ni jitihada ya kweli ya kuwa na kitu chetu. Lakini nguzo na vibao vya mitaa ni mwanzo tu. Mfumo wa namna hii unaishi kwa kutumiwa, na mpeleka mizigo wa pikipiki bado anapiga simu: "Niko Darajani, nije wapi?"

Ugonjwa mkubwa wa ramani zote, za kigeni na za kwetu, ni uzee. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569. Ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu karibu laki sita wa ziada wanalala mahali fulani, na baadhi ya mahali hapo droni za mradi ule ziliona shamba la mihogo. Mapagale ya wakati ule yamepata bati. Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyosimama tangu 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Katika picha za zamani bado ni nzima, na wahandisi wanaweza kushukuru kwa hilo. Wafadhili hupenda kuzindua. Kurudi kila mwaka kufuta nyumba iliyoanguka na kichochoro kilichozibwa hakuna anayekukatia utepe. Kampuni kubwa zinatushinda hapo hasa: zina watu wanaolipwa kurudi.

Sisi tunao watu pia, na hawahitaji nauli, kwa sababu wanaishi hapohapo. OpenStreetMap inafunguliwa kwa simu janja ya kawaida, kujisajili ni bure, na kuongeza jina la njia ni kazi ya dakika chache. Kwa hiyo msomaji, leo jioni ifungue, utafute mtaa wako, na uandike jina la kichochoro unachopita kwenda dukani, kama linavyotamkwa na wanaokaa hapo. Ikiwa wewe na jirani yako hamkubaliani jina ni lipi, kanyweni kahawa kwanza, mumuulize mzee aliye karibu, ndipo muandike.