Mabingwa Waliofungwa Mara Mbili

Alasiri ya tarehe 30 Novemba 2024, watu zaidi ya laki moja walitoka Ohio Stadium, mjini Columbus, wakiwa wamenuna. Timu yao ya chuo kikuu, Ohio State, ilikuwa imefungwa 13-10 na Michigan, watani wao wa jadi, kwa mwaka wa nne mfululizo. Tena Michigan ile haikuwa tishio: ilifika Columbus ikiwa imeshapoteza mechi 5. Wachezaji wake walipojaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ugomvi ulizuka hadi polisi wakanyunyiza dawa ya pilipili. Kocha wa Ohio State, Ryan Day, alizomewa na mashabiki wa timu yake. Wiki saba baadaye timu hiyohiyo ilikuwa bingwa wa taifa.

Ili kuelewa ilivyowezekana, ni lazima tuanze na namna bingwa anavyopatikana. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa kugongana miili, na mchezaji hawezi kucheza mara mbili kwa wiki. Ndiyo maana msimu wa kawaida wa chuo una mechi 12 tu, ilhali vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130. Hakuna ratiba inayoweza kuwakutanisha wote. Kwa miongo mingi bingwa alitangazwa kwa kura za waandishi wa habari na makocha, na mara nyingine taifa lilijikuta na mabingwa wawili. Kuanzia 1998 timu mbili zilizoongoza msimamo zilikutanishwa katika fainali moja. Mwaka 2014 nafasi za kuwania ubingwa zikawa 4, zikigawiwa na kamati maalumu, na mwaka 2024 zikawa 12.

Katika miaka kumi ya mfumo wa timu 4, hakuna hata timu moja iliyopoteza mechi mbili iliyowahi kuchaguliwa. Ohio State ilishafungwa na Oregon 32-31 mwezi Oktoba, kisha ikaja Michigan. Kwa sheria za zamani, mbio zake za ubingwa zingeishia pale Novemba. Kwa sheria mpya iliingia kwenye mchujo ikiwa imepangwa ya 8.

Kipigo cha Michigan kinafaa kutazamwa kwa jicho la fundi. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa mpinzani. Kazi yote hiyo inategemea wanaume watano wa mstari wa mbele, ambao hawakimbii na mpira lakini ndio wanaofungua njia na kumkinga mrushaji. Ohio State ilikuwa imewapoteza wawili kwa majeraha: Josh Simmons siku ya Oregon, na Seth McLaughlin mazoezini mwezi Novemba. Hata hivyo benchi la ufundi liling'ang'ania kukimbiza mpira katikati, palepale Michigan ilipokuwa na majabali wake, huku Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa tayari miongoni mwa wadakaji bora nchini, akisubiri pembeni. Mrushaji Will Howard alinyang'anywa pasi mbili. Mpigaji Jayden Fielding naye alikosa mipigo miwili ya kupitisha mpira kati ya milingoti, kila mmoja ukiwa na thamani ya pointi 3. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa la makocha kuliko la wachezaji.

Kisha ikatokea ajabu: kufungwa kule kuliwasaidia. Kama wangeishinda Michigan, wangelazimika kucheza fainali ya ligi yao ya Big Ten dhidi ya Oregon. Badala yao ilikwenda Penn State, ikafungwa 45-37. Ohio State ilipumzika wiki tatu, Donovan Jackson akazoea nafasi yake mpya upande wa kushoto wa mstari, na mpira ukaanza kurushwa kwa Smith na wenzake. Mchujo ulipoanza, Tennessee ilikuja Columbus ikapigwa 42-17. Oregon, ambayo haikuwa imefungwa na mtu, ilijikuta nyuma 34-0 kabla ya mapumziko kwenye uwanja wa Rose Bowl, ikalala 41-21.

Texas ndiyo iliyowatoa jasho. Ubao ukisomeka 21-14, Texas walifika yadi 1 kutoka mstari wa mwisho. Jaribio moja likawarudisha nyuma yadi 7. Katika jaribio la nne Jack Sawyer, mtoto wa viunga vya Columbus, alimfikia mrushaji Quinn Ewers, akaupangusa mpira mkononi mwake, akaudaka na kukimbia nao yadi 83. Ewers alikuwa akiishi chumba kimoja na Sawyer pale Ohio State mwaka 2021, kabla ya kuhamia Texas.

Kuhama huko ndiyo sura nyingine ya futiboli ya vyuo leo. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Howard alitoka Kansas State, beki Caleb Downs alitoka Alabama, mkimbiaji Quinshon Judkins alitoka Ole Miss. Mkurugenzi wa michezo wa Ohio State alisema hadharani kwamba kikosi kile kiligharimu takriban dola milioni 20. Anayekiita kikosi cha wanafunzi waliokutana darasani anajidanganya.

Fainali ilichezwa Atlanta tarehe 20 Januari 2025. Notre Dame walitangulia, wakapachikwa pointi 31 mfululizo, kisha wakajikongoja hadi 31-23. Dakika za mwisho Howard alimrushia Smith pasi ya yadi 56, na Fielding, yuleyule wa Novemba, akapiga mpira ukapita: 34-23.

Je, walistahili? Ndiyo, kwa sababu waliwapiga Oregon, Texas na Notre Dame pale ilipohesabika. Lakini mfumo huu umeshusha bei ya Novemba, na shabiki wa Michigan ana haki ya kuuliza ushindi wake ulikuwa wa nini. Waandaaji nao waliona kasoro nyingine: timu 4 zilizopewa nafasi ya kuruka raundi ya kwanza, kwa sababu tu ni mabingwa wa ligi zao, zote zilitolewa katika mechi yao ya kwanza. Kuanzia msimu wa 2025 nafasi hizo wanapewa wanne wa juu katika msimamo wa kamati.