Spika mpya kwa gari la zamani: usinunue kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi

Magari mengi yanayobeba abiria kati ya Kasulu, Makere, Kibondo na Kakonko ni Toyota zilizotumika Japani kabla ya kufika kwetu: Probox, Noah, Hiace, Corolla. Injini inaweza kuwa bado nzima, lakini spika za milangoni zimechoka. Umri, vumbi la kiangazi na maji ya masika vimezimaliza, na sauti inakwaruza.

Hapo dereva anaingia dukani, anaona boksi lenye maandishi makubwa ya wati 500, analipa. Zikishafungwa, sauti inatoka ile ile, au ndogo kuliko ya mwanzo. Hela iliyotoka ingeweza kuwa hesabu ya siku kadhaa. Swali hili la spika wasikilizaji wetu wenye magari wanatuuliza mara kwa mara, kwa hiyo leo tunalieleza hatua kwa hatua.

Kwanza, hakikisha tatizo ni spika

Cheza wimbo ulio kwenye flashi, kisha sikiliza kituo cha redio. Kama flashi inatoka safi na redio ndiyo inayokwaruza, spika zako hazina kosa. Angalia antena na waya wake.

Kumbuka pia kwamba redio zilizotengenezwa kwa soko la Japani hushika masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90, na za karibuni hufika 95. Kwetu Tanzania vituo viko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mafundi hufunga kifaa kidogo cha kugeuza masafa nyuma ya redio. Kifaa hicho kikiwa kibovu au hakikufungwa vizuri, vituo vitakuja na makelele au visije kabisa. Aidha, mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Ukishuka bondeni kuelekea Mto Malagarasi na mlima ukakaa katikati yako na mnara, kubadilisha spika hakutasaidia.

Kama hata flashi inakwaruza, hamisha sauti kushoto, kulia, mbele na nyuma kwa kutumia mipangilio ya redio. Spika moja ikikwaruza peke yake, ubovu uko kwenye spika hiyo au waya wake. Zote zikikwaruza kwa pamoja, mshuku redio kwanza.

Pili, pima tundu la mlango

Toyota nyingi hutumia spika ya duara ya inchi 6 na nusu, au ya yai ya inchi 6 kwa 9. Usikisie kwa jina la gari. Mwombe fundi afungue mlango, apime upana wa tundu, umbali kati ya skrubu na skrubu, na kina. Kina kipimwe kioo kikiwa kimeshushwa hadi chini. Spika yenye sumaku nene inaweza kuzuia kioo, na hutajua mpaka siku ya mvua kioo kikigoma.

Ndani ya mlango kuna nailoni iliyobandikwa na kiwanda. Isichanwe na kutupwa. Hiyo ndiyo inayozuia maji yanayoteremka kwenye kioo yasiingie upande wa ndani. Kwa vumbi na mvua za huku kwetu, chagua spika yenye uso wa plastiki na ukingo wa mpira. Uso wa karatasi una sauti nzuri, lakini ukiloa mara kwa mara hulegea, na ukingo wa sponji huoza mapema.

Tatu, soma wati za kweli

Redio ya kawaida ya gari, bila amplifaya, hutoa takribani wati 15 hadi 20 halisi kwa kila spika, hata kama usoni imeandikwa 50 mara 4. Sababu ni kwamba umeme wa gari ni volti 12 hadi 14 tu, na redio haiwezi kutoa kuliko umeme unaoingia.

Kwenye boksi la spika tafuta namba iliyo karibu na herufi RMS. Hizo ndizo wati ambazo spika inazihimili kwa muda mrefu. Namba kubwa yenye neno MAX au PEAK ni ya kishindo cha mara moja, na mara nyingi ni ya kuvutia mnunuzi. Kwa redio isiyo na amplifaya, spika ya RMS 30 hadi 50 inatosha kabisa.

Namba nyingine ndogo ina faida kuliko hiyo: desibeli, inayoandikwa dB. Inaonyesha spika inatoa sauti kiasi gani kwa umeme ule ule. Kila desibeli 3 zikiongezeka, ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Kwa hiyo spika ya desibeli 92 ikipewa wati 15 inasikika sawa na ya desibeli 86 iliyopewa wati 60. Kama huna amplifaya, tafuta yenye desibeli 90 au zaidi.

Nne, angalia omu

Spika nyingi za gari ni omu 4, na redio nyingi zimetengenezwa kwa hizo. Usikubali fundi aunge spika mbili za omu 4 kwa pamoja kwenye waya wa spika moja. Zinakuwa omu 2, redio inapata joto kupita kiasi na inaweza kuungua.

Wakati wa kufunga, chanya iende chanya na hasi iende hasi. Spika moja ikigeuzwa, itakuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, na besi itapotea. Kama rangi za nyaya hazieleweki, chukua betri ya tochi ya volti 1.5 uiguse mara moja kwenye nyaya za spika. Uso ukiruka kwenda nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya.

Ukiamua kufunga amplifaya

Waya wake hutoka moja kwa moja kwenye betri. Lazima uwe na fyuzi karibu na betri, isiyozidi sentimita 45 kutoka hapo. Waya huo hupita kwenye tundu la bati kuingia ndani ya gari. Mtikisiko wa barabara ukichubua ganda lake, unagusa bodi. Fyuzi ikiwepo, inakatika. Isipokuwepo, waya unawaka, na gari linaweza kuungua likiwa na abiria ndani. Fundi akikwambia fyuzi si lazima, mtafute mwingine.

Hela ikiwa kidogo

Nunua spika mbili badala ya nne, uzifunge milango ya mbele. Dereva na abiria wa mbele ndio watakaosikia tofauti, na za nyuma zitasubiri. Kabla ya kulipa, omba spika ijaribiwe hapo hapo dukani. Kisha bonyeza uso wake taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukisikia inakwaruza ndani, irudishe.

Baada ya kufunga, ongeza sauti hadi inapoanza kukwaruza, kisha ishushe kidogo. Hapo ndipo mwisho wako. Na ukiwa barabarani, sauti isizidi kiasi cha kukuzuia kusikia honi ya lori linalotaka kukupita kwenye vumbi, au abiria wa nyuma anayesema, "Shusha hapo."