Maua hayana hatia, lakini usisahau inhela

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, jiji la Washington nchini Marekani hufurika watu wanaokwenda kutazama maua ya micheri kandokando ya bwawa liitwalo Tidal Basin. Ikiwa una mtoto au ndugu anayeishi Maryland au Virginia, huenda umewahi kutumiwa picha za siku hiyo: wajukuu wamesimama chini ya miti iliyofunikwa maua meupe yenye wekundu wa mbali, na nyanya aliyekwenda kuwatembelea amekaa katikati yao, amejifunika koti la kuazima. Miti hiyo ilitoka Tokyo, Japani, ikiwa zawadi. Shehena ya mwaka wa 1910 ilipatikana na wadudu na magonjwa, ikateketezwa kwa moto. Nyingine ya miti 3,020 ililetwa mwaka wa 1912, na hiyo ndiyo iliyopandwa.

Mpenzi msomaji, mimi nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo picha haionyeshi. Katika familia kama hiyo aghalabu huwa na mtoto mmoja anayerudi nyumbani macho mekundu, pua inamtiririka, na usiku anakohoa hadi alfajiri. Mama husema, "Ni yale maua." Basi mtoto anakatazwa kukaribia ua lolote, na mambo huishia hapo. Kwa maoni yangu kama daktari, hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ua linalopendeza macho lina kazi ya kumwita nyuki. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, ili impate mdudu miguuni na kusafiri naye. Haipeperuki sana hewani. Miti inayotusumbua ni ile ambayo hakuna anayefunga safari kwenda kuitazama, kama vile mialoni, ambayo maua yake yananing'inia kama nyuzi za kijani na hayana rangi wala harufu ya kumvutia mtu. Miti ya namna hiyo huutegemea upepo, nayo humwaga chavua nyepesi isiyo na hesabu, inayoweza kwenda kilomita nyingi. Huko Washington mialoni huchanua karibu na msimu ule ule wa micheri. Kwa hivyo mtoto hupiga chafya chini ya mcheri kwa sababu ya mwaloni ulio mtaa wa pili.

Wajapani wenyewe wanayajua haya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walipanda misitu mikubwa ya mti uitwao sugi kwa ajili ya mbao, na sasa kila Februari hadi Aprili chavua ya miti hiyo huwatesa mamilioni ya watu, wengine wakienda kuyatazama maua ya micheri wakiwa wamevaa barakoa. Naye daktari Mwingereza, Charles Blackley wa Manchester, alikuwa ameshathibitisha katika karne ya 19 kuwa chavua ndiyo chanzo cha mafua ya aina hii, akijifanyia majaribio mwilini mwake mwenyewe.

Je, kuna haja gani ya kujua ni mti upi? Haja ipo. Chafya ni kero, lakini kikohozi cha usiku, kifua kinachobana na pumzi inayopiga mluzi ni pumu, na pumu huua. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Kinachoichokoza pua mara nyingi hukichokoza kifua pia. Tarehe 21 Novemba 2016, wakati wa majira ya machipuko ya Australia, dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne siku ambayo hewa ilikuwa imejaa chavua ya nyasi. Unyevu uliipasua chavua ikawa chembe ndogo mno, zenye uwezo wa kufika ndani kabisa ya mapafu. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali na 10 wakafa. Wengi wa walioshikwa walikuwa na mafua ya chavua tu, na hawakuwahi kuambiwa kuwa wana pumu.

Sasa niseme waziwazi jambo ninalokutana nalo kila wiki. Wazazi wetu wengi wanaiogopa inhela. Nimeambiwa kwamba mtoto akiianza hataiacha, kwamba inaharibu moyo, na kwamba msichana akionekana nayo hataolewa. Hata wapo wanaoificha kwenye soksi wageni wanapokuja! Mtoto akipata nafuu miezi miwili, dawa huachwa, na wakati wa safari hufungwa ndani ya sanduku kubwa linalokwenda chini ya ndege, au haifungwi kabisa.

Inhela si moja. Ile ambayo kwa kawaida ni ya buluu, yenye salbutamoli, hufungua njia ya hewa kwa saa chache, lakini haitibu uvimbe ulio ndani. Inayotibu uvimbe ni ile yenye steroidi, ambayo mara nyingi huwa ya kahawia, nayo huchukua siku hata wiki kadhaa kufanya kazi. Ndiyo maana haifai kuianza siku ya matembezi. Mwaka wa 2019 mpango wa kimataifa wa pumu, GINA, ulishauri kwamba vijana wa miaka 12 na zaidi pamoja na watu wazima wasitibiwe tena kwa salbutamoli peke yake. Steroidi ya kuvuta ni kiasi kidogo sana kikilinganishwa na vidonge, na haimfanyi mtoto kuwa mtumwa wake.

Mpeleke kwa daktari mwezi mmoja kabla ya safari. Dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, na usisafiri bila bima, kwani matibabu ya dharura Marekani ni ghali mno. Kwa chafya na macho, omba setirizini au loratadini badala ya zile dawa za zamani zinazomlaza mtu usingizi akiwa kwenye usukani.

Mtoto mdogo hawezi kuivuta inhela vizuri bila kopo la kushikilia dawa. Ukilikosa, watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka wa 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuikaza inhela, hufanya kazi vyema. Akibanwa, mketishe wima, mpulizie mara moja, avute pumzi tano au sita kupitia mdomo wa chupa, kisha rudia, hadi mara sita. Akiwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, au midomo inageuka rangi, piga simu ya dharura (huko ni 911) na uendelee kumpulizia mkiwa njiani.

Na nyanya je? Yeye akiwa mgeni wa wiki mbili, si rahisi chavua ya huko imsumbue. Mwili huhitaji muda kuizoea kabla ya kuichukia, na ndiyo sababu Wakenya wengi huanza kupiga chafya baada ya kuishi ugenini miaka kadhaa. Kikohozi chake kikavu huenda kinatokana na enalaprili anayomeza kwa ajili ya shinikizo la damu. Lakini mguu mmoja ukimvimba baada ya safari ndefu ya ndege, au akikosa pumzi ghafla, asiambiwe apumzike. Huenda damu imeganda mguuni, na ni lazima afike hospitali siku hiyo hiyo.

Wewe usiye na safari, jakaranda zitakapochanua Nairobi mwezi wa Oktoba na ukapiga chafya, usiukate mti. Jakaranda nayo humtegemea nyuki. Tazama nyasi zilizo chini yake, hasa baada ya mvua, na umwombe jirani azifyeke kabla hazijatoa maua, watoto wakiwa shuleni.